Dhambi ya Njugu

Juzi nilimpeleka binti yangu kuandikishwa chekechea, na mwalimu akanipa fomu ya kujaza. Jina, umri, simu ya mzazi, na hapo chini mstari mmoja mfupi: vyakula ambavyo mtoto hali. Nikaandika mayai na njugu. Nikaona herufi ni ndogo, nikazikoleza. Nikapiga mstari chini yake. Nilimrudishia mwalimu fomu, nikafika langoni, nikageuka na kurudi kumwambia kwa mdomo, kisha nikamtafuta mpishi jikoni nikamwambia na yeye. Nikitoka nikamwambia hata askari wa lango, ambaye hakuwa ameniuliza chochote. Mwalimu alicheka akasema, "Mama, tumesikia. Enda tu nyumbani." Nilienda, rafiki yangu, lakini njia nzima kichwani nilikuwa nimesharudi Kariobangi ya miaka ya tisini, kwenye ploti yetu ya milango kumi na miwili.

Kama ulikulia Eastlands ya Nairobi, huna haja ya kuelezwa. Ua mmoja wa saruji, bomba moja, kamba za nguo zinazopishana, na mafundi wa jua kali nyuma ya ukuta wakigonga mabati tangu asubuhi hadi ukadhani wanakugonga wewe. Harufu ya mafuta taa ya stovu, ya kitunguu kinachoungua, ya sabuni ya kipande. Baba alikuwa dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini. Mama alikuwa karani katika kampuni moja kule Industrial Area, akitoka mapema na kurudi miguu imemvimba. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu mimi ilikuwa mdogo wangu.

Alikuwa na miaka mitatu, na ngozi yake haikujua kutulia. Nyuma ya magoti, kwenye viwiko, shingoni, ilikuwa nyekundu na kavu, ikapasuka, ikatoa majimaji akijikuna, na alijikuna muda wote. Daktari aliuita ukurutu. Ploti nzima iliuita mashilingi, yale mapunye ya kuambukiza, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Wa mlango wa kwanza alituletea mwarobaini, wa mlango wa tisa akasema majivu na chumvi, fundi mmoja akashauri maji ya betri, na mama akamfukuza na mwiko mkononi. Kinyozi alikataa kumnyoa. Watoto tuliocheza nao uani walikuwa wakipiga kelele, "Usimguse huyo, ako na mashilingi!" Nilimng'ata mmoja wao begani, na sijutii.

Kumtunza ilikuwa kazi isiyoisha. Aoge maji ya uvuguvugu, haraka, kwa sabuni isiyonukia. Apakwe mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka, kila kona, mpaka ateleze kama samaki. Kucha zikatwe kila Jumapili. Akienda kulala avishwe mikononi soksi kuukuu za baba. Nguo zake zisuuzwe mara tatu, maana yake maji, maana yake mimi na mtungi. Alikuwa mjanja, mdogo wangu. Ukimkataza kucha anachukua kitana, ukimnyang'anya kitana anajisugua kwenye ukuta wa ua. "Nikune kidogo tu," ananiambia, "kidogo kidogo, sitasema." Na mimi, Mungu anisamehe, mara nyingine nilimkuna, kwa sababu nilishindwa kuvumilia kumwona. Mpaka leo nikisikia mtu anajikuna, hata awe mgeni kwenye kiti cha mbele kanisani, siwezi kukaa kitako.

Hiyo ilikuwa ngozi. Chakula kilikuwa jambo lingine. Siku moja alionja keki ya mtoto wa jirani, midomo ikafura. Tukajua mayai. Siku nyingine baba alirudi safari na njugu za kukaanga kwenye karatasi, mdogo wangu akaokota moja sakafuni. Moja tu. Macho yalifungika, kifua kikaanza kulia kama filimbi, na ilikuwa bahati kwamba baba alikuwa na lori nje. Daktari alimwambia mama mbele yangu kwamba njugu zisimkaribie tena, kwa sababu mara nyingine huenda asiwahi kutibiwa. Mama akamnunulia sufuria yake, sahani yake na kijiko chake, akavitia alama ya rangi nyekundu ya kucha. Kisha akaniinamia akanishika mashavu. "Umesikia daktari? Nikiwa kazini, wewe ndiye macho yangu."

Sasa fikiria hayo katika ploti ambayo chakula hakikuwa na mwenyewe. Sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine ilitoka mlango huu ikaingia ule, na ilirudi na kitu, haikurudi tupu. Mtoto alikula pale saa saba ilipomkuta. Ukikataa chakula cha mtu, umemwambia kwamba ni mchafu au ni mchawi, hakuna la tatu. Na ukisema chakula chake kitamdhuru mwanao, hapo neno uchawi umelitamka kabisa.

Mlango wa tatu aliishi mama aliyeuza mboga za kienyeji sokoni, na sote tulimwita Mama Mboga. Alitoka magharibi, sisi tulitoka upande wa Ukambani, na tangu tuhamie pale alikuwa ameamua kwamba hatujui kula. Mboga zake, jamani! Kunde na saga, yale majani machungu, alizilaza na maziwa, akatia chumvi ya majivu, na mwisho njugu alizozisaga mwenyewe hadi zikawa laini kabisa. Alikuwa na wavulana watano wenye mashavu, na akimtazama mdogo wangu aliyekonda na ngozi inayobambuka, alitikisa kichwa. "Huyu mtoto amekosa mafuta mwilini," alisema. "Nipeeni wiki moja tu."

Mama alirudisha sahani yake mara ya kwanza, akasingizia mtoto ana homa. Akarudisha mara ya pili. Mara ya tatu Mama Mboga alisimama mlangoni petu, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti iliyofika bombani: "Kwani mimi ni mchawi?" Mama angesema ugonjwa, wangesema basi ni kweli mtoto amerogwa, na wangeanza kuhesabu nani alimlisha nini. Akasema, "La, mama, usifikirie hivyo. Ni kanisa letu. Hatuli mayai wala njugu."

Kanisa letu lilikuwa mbali, mjini, na hakuna wa ploti aliyewahi kufika kulihakikisha. Kanisa lenyewe lilikula mayai bila wasiwasi wowote. Lakini uongo ule ulifanya kazi vizuri ajabu. Mama Mboga alishusha mikono, akaomba radhi. Watu wakaanza kutuheshimu. Wa mlango wa saba alimwomba mama amwombee mguu. Nasi ikabidi tuishike dini yetu mpya: mayai hayakuingia tena nyumbani, baba akawa anayala njiani huko, na mimi niliyependa njugu kuliko nyama nikawa nazila nyuma ya choo cha shule na kusukutua mdomo kabla ya kurudi. Nilifundishwa jibu. Nikiulizwa, niseme ni dhambi.

Na niliulizwa. Ilikuwa likizo ya Agosti, baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani. Mama Mboga alikuwa mlangoni pake akichambua saga, mdogo wangu amejilaza kwenye paja lake, kwa sababu alimpenda kuliko wengi wetu na hakuwahi kuogopa kuigusa ngozi ile. Akaniuliza taratibu, "Hebu niambie ukweli, mami. Huyu akila njugu kunafanyika nini?"

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa ameniuliza vizuri, na hakukuwa na mtu mwingine. Nikamjibu kama nilivyofundishwa: "Ni dhambi, Mama."

Alicheka mpaka mdogo wangu akatikisika. "Dhambi! Mtoto wa miaka mitatu! Hiyo wacha nibebe mimi." Nikacheka na mimi. Sikufikiri. Nakuapia sikufikiri, ingawa nimeshalifikiria mara elfu tangu siku hiyo.

Wiki hiyo hiyo bomba lilikuwa limekauka siku tatu, na nguo za mdogo wangu zilikuwa zimerundikana. Saa saba mchana mtu akapiga kelele langoni, "Maji imerudi! Maji imerudi!" Unajua kelele hiyo inavyowatoa watu nyumbani. Nilinyakua mitungi miwili. Mama Mboga akaniambia niende tu, yeye atamwangalia. Nikamwacha. Yalikuwa yamerudi kwenye bomba la barabarani tu, la kwetu bado kavu, na foleni ilikuwa ndefu, tukasukumana, tukatukanana na watoto wa ploti ya pili, na nilifurahi. Hilo nalikumbuka vibaya zaidi ya mengine, kwamba nilifurahi kuwa mbali naye saa moja.

Niliporudi, Mama Mboga alikuwa katikati ya ua amemshika mdogo wangu mikononi, na uso wa mtoto haukuwa uso. Midomo imefura, macho hayaonekani, kifua kinapiga filimbi ile. "Nilimpa mboga kidogo tu," alikuwa anasema. "Kidogo tu, na ugali." Nilimpokonya. Mwuza maji alikuwa langoni na mkokoteni wake umejaa mitungi, na bila kuulizwa aliipindua yote barabarani, maji ya siku tatu yakaenda na mtaro, akatupandisha. Alikimbia na mkokoteni ule hadi zahanati mimi nikiwa juu yake nimemkumbatia mdogo wangu, nikimwambia pumua, pumua, na Mama Mboga akikimbia kando yetu pekupeku.

Nesi alimchukua, akaniingiza ndani, akafunga mlango. "Amekula nini?" Nikasema njugu, huwa zinamziba pumzi, na ilitoka kirahisi kabisa, kweli ambayo nilikuwa nimeificha miezi minane. Alimdunga sindano pajani. Nilihesabu vigae vya ukuta, nikapotea, nikaanza tena. Kisha filimbi ikapungua, na mdogo wangu akafungua jicho moja, akasema anawashwa.

Nje, Mama Mboga alikuwa amepiga magoti kando ya benchi, vidole vya miguu vinatoka damu. Aliponiona alinishika vazi. "Ni Mungu wenu amekasirika, sivyo? Mimi ndiye nilifanya, si mtoto. Mwambie ni mimi." Nilifungua mdomo. Na hapo mama akatokea mbio, maana mwenye duka la karibu na lango letu alikuwa amempigia simu kazini. Mama Mboga akamgeukia bila kuinuka: "Nisamehe. Nimemlisha mwanao dhambi."

Mama alimtazama. Nilingoja. Nilijua kwamba angesema, kwa sababu mama hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo si mtu mbaya. Akamwinua Mama Mboga kwa kiwiko, akasema, "Mungu atasamehe," akaingia ndani kumwona mwanawe.

Mdogo wangu ni mtu mzima sasa. Ngozi ilitulia alipofika darasa la saba, lakini bado ukimwalika kwako anauliza umepika na nini, na Mama Mboga hamkumbuki kabisa. Ploti imebomolewa, limesimama ghorofa la vyumba vingi ambamo kila mlango una geti lake la chuma. Nilipita hapo mwaka jana saa saba mchana na sikuona sahani hata moja ikivuka. Watu husema ni maisha tu yamebadilika. Katika ploti yetu najua sahani zilikoma kuvuka wiki ile ile: Mama Mboga aliacha kumpa mtoto yeyote chakula, hata wale waliomlilia mlangoni, na wengine wakaogopa wakamfuata. Mama niliwahi kumuuliza, nikiwa mkubwa, kwa nini hakumwambia. Alijibu, "Yalipita hayo," akainuka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwezi wa Oktoba, mwaka ule ule, Mama Mboga alihama kurudi kwao. Vitu vyake vilikuwa vimeshapakiwa, wavulana wameketi juu ya magodoro, na dereva anapiga honi. Mama alikuwa kazini. Akaja mlangoni petu, akamtazama mdogo wangu kwa mbali bila kumgusa, kisha akaniinamia. Alitaka nimwombee. Alisema nyinyi Mungu wenu ni mkali lakini anawasikia, na yeye anaogopa Mungu huyo asije akalipiza kwa watoto wake. Nilikuwa na miaka kumi na maneno yote mdomoni. Nikaweka mkono kichwani pake, kwenye kitambaa, nikafumba macho, nikamwomba Mungu amsamehe Mama Mboga. Akaitikia amina, akanishukuru sana, akaenda kupanda gari.