Kizimba cha Jenereta

Stima ikipotea kwetu Muthangari, mimi ndiye niliyekimbia. Mama alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ikinyamaza ilibidi mtu amhamishie kwenye mtungi upesi. Dada wa kazi, aliyemwita mama Shosho, yaani nyanya, aliuogopa ule mtungi kama bomu. Kwa hiyo sikutoka. Nywele zangu ziliota majani, na msusi wangu wa Kenyatta Market akaacha hata kuuliza nitakuja lini.

Tuliponunua jenereta River Road na fundi akaanza kutoboa ukuta wa jikoni, nilitamani kuimba. "Jumamosi naenda kusuka," nikamwambia mama.

"Enda, bwana. Umenikalia hapa kama askari wa geti."

Ila kaka yangu, ambaye huishi mbali na kuamrisha kwa simu, alitaka ijengewe kizimba. Sikubisha. Nairobi hii hata beseni la kufulia tunalifunga na mnyororo. Mchomeleaji akazungusha vyuma pande zote na juu, akaacha kimlango kimoja mbele. Kazi safi. Kisha fundi akataka kuiwasha. Alaa! Kamba ya kuvuta ilikuwa nyuma, upande wa ukuta, na jenereta ilishafungwa kwa bolti kwenye simiti.

Fundi alijaribu kupenya, tumbo likakataa. Dada akakwama kiunoni, tukamvuta kwa miguu huku akicheka hadi machozi. Nikaingia mimi. Nikajikunja, nikavuta, ikanguruma. Wakapiga makofi.

"Madam, ni wewe tu unatoshea!" fundi akasema, kama aliyenipa zawadi. Nilibaki mle ndani nimeshika vyuma, nikiwatazama, na sikuona cha kuchekesha hata kidogo.

Fundi alisema inawezekana kukata mlango mwingine ubavuni, karibu na kamba. Nikampigia kaka nikiwa kando ya kitanda cha mama, simu kwa spika, fundi akisubiri mlangoni.

"Mkate tena? Ili wezi wapitie hapo? Si wewe uko hapo kila siku?" akasema. "Kwani unaenda wapi?"

Hasira ilinipanda. Kwani naenda wapi!

Mama akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Anaenda kusuka," akasema. "Fundi, kata."

Grainda ya kukatia vyuma ikalia mchana kutwa. Dada akafundishwa kuvuta kamba, akavuta mpaka mkono ukamuuma.

Jumamosi nilikuwa nimesukwa nusu kichwa simu ilipolia. Ni dada. "Stima imepotea!" akapiga kelele. Nilishasimama, kitana kikining'inia kwenye nywele, mkoba begani. Ndipo nikasikia mngurumo nyuma ya sauti yake.

"Nimeiwasha! Shosho anauliza unasuka mtindo gani."

Niliketi, nikalia mbele ya wateja wote. Msusi aliniomba radhi, akidhani amenivuta sana.