Kikopo Kilichorudi Kitupu

"Hivi wewe Restuta, mwanaume asiyechoka unamlilia nini? Wa kwangu mimi sijageuza hata shingo, ameshakoroma!"

Ni Ritha, jirani yake pale Mkonze, aliyemuuliza hivyo siku moja wakisubiri zamu kwenye mashine ya kusaga mtama. Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Restuta naye akacheka, ingawa alikuwa amejikaza mwezi mzima mpaka akapata ujasiri wa kusema kwamba kwake tendo la ndoa huwa refu hadi anaumia. Kama wenzake wanaiona bahati, basi labda ni bahati. Akafunga mdomo.

Kabla ya ndoa shangazi zake walimweka chini siku mbili, wakamfundisha kupika, kunyamaza na kutomkatalia mume. Mume akiinuka, walisema, mwanamke mwenye adabu hamwangalii wala hamuulizi. Restuta akayashika hayo kama amri za Mungu. Mumewe Damas alipoinuka kwenda kuoga, yeye aligeukia ukutani, akaamini mambo yamekamilika.

Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Mama mkwe wake, Bi Emilia, hakuzunguka.

"Mwanangu, sikuchukii. Lakini zabibu zikishavunwa, na tumbo lako liko vile vile, Damas tunamtafutia mwingine."

Restuta alikunywa mizizi michungu mpaka akatapika. Alifunga siku tatu, hata maji hakugusa. Jumapili moja alipita mbele ya kanisa zima kuombewa tumbo, Damas kamshika mkono, na "Amina" ya Damas ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Hospitalini vipimo vyake vikatoka vizuri. Daktari Optatus akamwambia, "Sasa nahitaji kumpima baba." Damas alikuja baada ya kubembelezwa wiki mbili. Nesi akampa kikopo chenye mfuniko, akamwonyesha chumba, akamweleza kwa heshima alete mbegu zake zipimwe.

Restuta akakaa kwenye benchi. Watu waliomkuta pale waliitwa, wakahudumiwa, wakaondoka. Saa nzima ikakatika. Nesi akagonga, "Baba, vipi huko?"

Damas akatoka shati limelowa jasho. Kikopo kikavu.

"Usijali, wengi wanashtushwa na mazingira," daktari alimwambia walipoketi. "Na nyumbani?"

Damas akatazama viatu vyake. "Hata nyumbani haitoki, daktari. Tangu nianze zile dawa."

"Haitoki nini?" Restuta akauliza.

Daktari alimtazama, kisha akamtazama mumewe, na hapo ndipo Restuta alipoelewa.

"Miaka yote mitatu? Ulikuwa unainuka hivyo hivyo, hamna kitu?"

"Mke wangu…"

"Na kanisani ukaitikia Amina?"

Daktari akaomba kwanza aambiwe habari za dawa. Kumbe zile ambazo Restuta aliambiwa ni za presha zilikuwa za kutibu huzuni. Damas alipewa mwezi wa kwanza wa ndoa, kaka yake Abeli alipofariki naye akakosa usingizi kabisa. Alificha asiitwe kichaa. Hilo la kutotoka mbegu alilificha kwa sababu vijana kijiweni walikuwa wamesikia kwamba hachoki, wakamsifu kwamba ni dume la mbegu. Nani angekubali kuvuliwa sifa hiyo?

"Dawa za namna hiyo zinaweza kumchelewesha mwanaume kufika kileleni, au asifike kabisa," daktari alisema taratibu. "Kisukari nacho kinaweza, kwa hiyo tutapima. Hofu inaongeza. Si uchawi, wala si kwamba hakupendi, mama. Lakini usizitupe dawa, Damas, kuziacha ghafla kuna madhara. Nitamwandikia aliyekupa, aone kama zitapunguzwa au zibadilishwe. Nyumbani msishindane na saa. Anzeni kwa kupapasana, semeni linalofaa na lisilofaa. Mmoja akiumia, acheni. Siahidi kwamba ni kesho. Ikishindikana, zipo njia nyingine za kupata mtoto."

Restuta alisikia maneno yote, lakini yalimfikia kama yanatoka nyumba ya pili. Ile mizizi. Yale macho ya kanisa zima juu ya tumbo lake ambalo halikuwa na kosa lolote. Hakulia. Akainuka, akatoka.

Nje, kivulini mwa ukuta wa maabara, Damas alimsogelea akiwa na barua ya daktari mkononi.

"Mama anakuja Jumamosi," alisema kwa sauti ndogo. "Haya yabaki kati yetu, nakuomba. Nitatumia dawa watakazonipa, nitafanya yote aliyosema. Ila mama asijue."

"Anakuja kufanya nini Jumamosi?"

Damas akaikunja ile barua.

"Nijibu, baba. Anakuja kufanya nini?"

"Kuna binti wa Nzuguni wameshamwona."

Restuta akaegemea ukuta. Alikuwa bado anampenda, na hilo nalo lilimshangaza. Akajifunga vizuri khanga yake, akamtazama mumewe usoni.

"Siombi uniombe radhi leo. Jumamosi mama akifika, umwambie mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia, kwamba si mimi."