Diski Haikuwa na Kosa

Mke wangu alipofariki, mama yake aliniomba kitu kimoja tu: picha ya kuweka kwenye msalaba wa kaburi. "Nitafutie ambayo anacheka," alisema. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, picha zake zimo kwenye laptopu, nyingi. Nilisema hivyo mbele ya ukoo, na niliamini ninachosema. Harusi yetu haikuwa na mpiga picha, lakini tangu tulipoanza kuotesha miche ya parachichi hapa Kifanya tulikuwa tukipiga picha kwa simu, na simu ikijaa nilizihamishia kwenye laptopu, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine.

Nilipoiwasha ikaanza kugonga ndani, ta, ta, ta, kama kuku anayedonoa bati. Kioo kikabaki cheusi chenye maandishi meupe ya Kiingereza. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatoa betri, nikaifuta, nikairudisha. Asubuhi zetu zina baridi, hata pikipiki yangu haiwaki bila kubembelezwa, kwa hiyo nikaona labda na hii imeganda. Nikaiviringisha kwenye blanketi, nikaiweka karibu na jiko la mkaa. Kesho yake iligonga zaidi.

Habari zikafika Mdandu, kwa wakwe, kwamba laptopu imemeza picha za marehemu. Watu wakanionea huruma. Shangazi yake alinishika mkono akasema mashine hazina utu. Nikaitikia.

Nilikwenda kwa fundi wa Makambako pamoja na shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu. Fundi alifungua skrubu za chini, kisha akainama akanusa.

"Mzee, hii ulikuwa unaitengeneza au unaibanika?"

"Niliipasha moto kidogo."

"Ungeweka na chumvi."

Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nikaangalia chini.

Fundi akachomoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake, akatega sikio. Akasema ugonjwa uko kwenye diski; betri ni nzima na baridi haihusiki. Kile kinachosoma mle ndani kimechoka, na kila nilipoiwasha nilikuwa naiumiza. Angenakili kwanza kilichomo, taratibu, ndipo afunge diski mpya.

"Lakini siwaahidi. Inaweza kukata katikati."

Tulikaa kwenye benchi, mimi nikiomba kimoyomoyo. Haikukata. Ilinakili zote. Fundi akafunga diski mpya, akaweka programu upya, akarudisha picha, akatugeuzia kioo.

"Haya, mama yetu yuko wapi? Tumwone."

Shemeji ndiye aliyebonyeza. Miche. Miche iliyobebeshwa, vikonyo vimeunganishwa kwa nailoni. Mimi nimesimama kwenye kitalu. Mimi na wanunuzi. Mimi juu ya pikipiki, nimevaa miwani ya jua ya kuazima. Pampu. Mkono wa mke wangu umeshika ndoo. Miche. Mgongo wake, kwa mbali, amepiga magoti anajaza udongo kwenye mifuko. Mimi tena.

"Shemeji, dada yuko wapi?"

"Endelea."

Akaendelea hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Na hizi zako nani alikuwa anapiga?"

"Yeye."

Fundi akainuka akaanza kutafuta bisibisi, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Tulipokuwa tunakwenda Mdandu shemeji aliniambia kwa upole, "Tumwambie mama diski ilikufa. Ndivyo anavyojua tayari. Hakuna atakayeuliza." Alitaka kunistiri. Sehemu kubwa ya safari nilikuwa nimeshakubali. Nilishapanga hadi maneno.

Tulimkuta mama mkwe anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kigoda, mbali naye kidogo, kama inavyompasa mkwe. Tukasalimiana: Kamwene, mama. Kamwene, baba. Akauliza kama mashine imepona, akanitazama usoni, jambo ambalo huwa hafanyi. Maneno niliyoyapanga yakanishinda.

"Imepona, mama. Picha zote zimetoka. Yeye hayumo. Sikumpiga."

Shemeji akafunika uso kwa kanga. Mama mkwe akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu.

"Hata moja?"

"Kuna mkono, mama. Na mgongo."

"Miaka yote hiyo," akasema, lakini hakuwa anasema na mimi. Akachukua hindi jingine. "Basi chukua ya kitambulisho."

Ndiyo iliyopo msalabani. Studio waliikuza kutoka kile kipicha kidogo, ikatoka na ukungu. Mke wangu anatazama mbele, midomo imebana, kama aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri. Wageni wanaofika kaburini husema marehemu anaonekana alikuwa mkali. Mimi huwaambia hapana, alikuwa akicheka hadi anashika ukuta asianguke. Wanatikisa kichwa kukubali, kama watu wanavyomkubalia mfiwa lolote analosema.