Keki Ambazo Bi Sugawara Hajawahi Kuleta

Saa kumi na moja alfajiri, katika kiwanda cha samaki mjini Shiogama, Japani, Sugawara Fumie anafinyanga samaki wa kusaga kwa viganja viwili, anampa umbo la jani, anamchomeka kijiti na kumsogeza motoni. Mikono inajua kazi yake. Macho yako kwenye meza ya chai.

Mezani pana sanduku la keki za maharage. Mwenzake mmoja amerudi likizo jana, na kiwandani hapa anayesafiri hurudi na sanduku, kuwaomba radhi waliobaki na mzigo wake wa kazi.

"Nimekula za kila mkoa," anacheka Bi Sugawara, mwenye miaka hamsini na tisa. "Zangu hajala mtu."

Ametimiza miaka ishirini na sita hapa, kwa ujira ambao sasa ni yen elfu moja na hamsini kwa saa. Likizo chache ambazo kiwanda humlazimisha kuchukua huzimalizia kwa daktari wa meno na kufua mapazia. Nyingine hulala, na kila mwaka za zamani hufutika. Hata hivyo, bado zimebaki za kutosha zaidi ya mwezi mzima.

Mwezi wa pili alipeleka barua ya kuacha kazi. Aliandika kwamba ataondoka mwisho wa mwezi wa tatu, akafanye kazi kwenye duka la tambi la bintiye. Kuhusu likizo hakugusia neno. Aliona kuziacha ndiyo adabu, kama mgeni anayebakiza kipande cha mwisho sahanini.

Iwabuchi Reiko, anayesimama naye mbele ya moto, alipopata habari aliweka vijiti chini.

"Dada Fumie, umerogwa? Ukishatoka mlango ule, siku zako zimekufa. Harithi mtu!"

"Nyinyi je? Msimu wenyewe huu."

"Sisi tutakufa kwa samaki? Na dada yako wa Kagoshima?"

Dada yake Bi Sugawara, Chizuru, anaishi kusini kabisa mwa nchi, na kumbukumbu zinamtoka. Kwenye simu humuita Fumie kwa jina la mama yao. Siku nyingine, ghafla, humuuliza, "We Fumi, bado unakula kucha?" Hawajaonana kwa miaka tisa. Bi Sugawara anaogopa kwamba atafika akute swali hilo nalo limeondoka.

Akamfuata msimamizi, Bwana Mogami, akainama mpaka kofia ikaanguka.

"Bi Sugawara, oda zimetufika shingoni," alilalamika msimamizi. "Ukianza likizo sasa, nani atashika moto?"

"Nitashika mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Naomba likizo ifuate, ndipo niache kazi."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Anasahau watu."

Bwana Mogami alijikuna shingo. "Miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Kila mtu alikuwa na kazi."

Msimamizi alimrudishia barua. Alimwambia aandike tarehe nyingine, mwezi wa tano. Binti naye, alipopigiwa simu, alijibu, "Tambi hazikimbii, mama. Nenda."

Sasa zimebaki siku chache aondoke. Kiwanda kizima kinamcheka kwa mkoba mpya aliouficha chini ya meza tangu wiki iliyopita. Reiko anataka keki za viazi vitamu za huko Kagoshima. Bwana Mogami, aliyejifanya hasikii, amesema naye hazikatai.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza: keki ni za kuwaomba radhi wenzako unaorudi kwao; wewe hutarudi kazini, zako ni za nini?

Bi Sugawara anageuza kijiti, anafikiri kidogo.

"Mpaka siku ya mwisho ya likizo mimi bado mtu wa hapa," anasema. "Siku hiyo nitakuja na sanduku langu, nilifungue mwenyewe. Na Chizuru ndiye atakayezichagua, hata kama atadhani anamnunulia mama."