Bibi Yetu Alipopanda Jeneza

Ipo siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na leo asubuhi umenirudisha kwenye siku hiyo bila kujua. Nilikusikia ukizungumza kwenye simu na wenye lori watakaotuhamisha. Ukawaambia nyumba tunayohamia iko kando ya barabara tu, lori linafika mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikaweka ungo chini. Lakini wewe unajua na mimi najua kwamba baina ya barabara na nyumba hiyo kuna korongo, na lori litasimama upande huu na nyumba iko upande ule. Basi weka hiyo simu chini, ukae hapa mkekani. Chai yako hiyo, na usiinywe kwa haraka kama kawaida yako.

Tulikuwa Koyama, kisiwani kwetu, na Somalia ilikuwa imeshachafuka. Kismayu leo inashikwa na hawa, kesho wanaishika wale. Sisi wa visiwani hatukuwa na bunduki wala mtu wa kututetea. Wenye silaha walikuwa wakija kwa maboti, wanachukua nyavu, wanachukua mashine za mashua, na nyumba ya jirani yetu walichukua hata sufuria ya wali iliyokuwa motoni. Watu wakaanza kuhama, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, kufuata pwani kwenda Kenya. Ukiamka unakuta mlango mwingine umefungwa kwa kamba, na kuku wa watu wanazurura bila mwenyewe.

Kwetu tulikuwa wanne. Baba alikuwa ametangulia Mombasa kututafutia pa kukaa, na nyumbani tulibaki mimi, mama, kaka yangu Omari, na bibi yetu mzaa baba, Mwana Esha. Bibi aliteleza kisimani akavunjika nyonga, ikaunga vibaya, na tangu hapo miguu ilikataa kumbeba. Ulimi lakini ulikuwa mzima, tena mkali kuliko wa sisi sote.

Omari alikwenda Kismayu akapata mashua ya kutuchukua, na akakodi mahamali wa bandarini waje wabebe mzigo. Sasa sikiliza, maana wewe Koyama hujaiona. Maji yakijaa, chombo kinakuja mpaka karibu na msikiti. Yakipwa, bahari inakwenda zake mbali, inaacha tope la kuzama mpaka magotini, na baada ya tope kuna mwamba wa matumbawe unaokata nyayo, na ng'ambo ya mwamba ndipo penye maji ya kuelea chombo. Nahodha alikuwa amekataa katakata kuingia ndani maji yakijaa, kwa sababu akipwelewa huku, hatoki mpaka maji yarudi, na wenye bunduki wakija watamkuta amekaa anawasubiri. Akasema atasimama nje ya mwamba, nasi tumfuate kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na yakianza kurudi anang'oa nanga.

Yote hayo Omari aliyajua. Mahamali hakuwaambia. Aliwaambia nyumba iko pwani tu, na kweli iko pwani, huwezi kumshitaki kwa hilo. Alisema nusu, nusu nyingine akaimeza, kwa kuogopa wasije wakakataa. Na habari za Bibi hakuzigusa kabisa.

Basi asubuhi ile wakashuka mashuani wakaja, miguu mitupu, watu waliozoea sakafu ya saruji ya bandarini. Mmoja alishakatwa na mwamba, unyayo unachuruzika damu. Mkubwa wao aliitwa Nuru, mtu mpana wa mabega, mpole wa sauti. Akaangalia masanduku, akaangalia magunia, akachungulia chumbani akamwona Bibi kitandani. Akatoka nje akamwambia kaka yangu, "Omari, hukututajia tope, hukututajia mwamba, na hukututajia mgonjwa. Sisi miili yetu ndiyo riziki yetu. Huyu bibi akituponyoka pale mwambani, lawama ataibeba nani?"

Wakageuka wakarudi walikotoka. Omari akawafuata mpaka kwenye tope akiwatukana, na wao wakazidi kwenda. Alirudi amejaa matope mpaka kiunoni, hasira zimempanda, na mashua tunaiona kwa mbali imesimama.

Hapo ndipo nilipouona woga ndani ya nyumba yetu. Masanduku si kitu, ungeyaacha. Lakini Bibi tungemfikishaje? Omari alijaribu kumbeba mgongoni, Bibi akapiga ukelele wa maumivu ambao mpaka leo nikiukumbuka moyo unanisinyaa. Tukafikiri kumtoa na kitanda chake, lakini kitanda kile cha kamba kilitengenezwa mle mle chumbani, hakipiti mlangoni. Tukamweka kwenye kiti, hata nje ya ua hatukufika, nyonga haikukubali kukaa. Tukamrudisha kitandani. Mama akaketi kizingitini, akasema, "Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki na mama." Alisema kwa utulivu kabisa, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu nilijua hatanii.

Bibi alikuwa anatusikiliza muda wote. Akaita, "Omari, njoo hapa nikuone." Omari akaenda akasimama mbele yake na matope yake. Akamwambia kwa lafudhi yetu ya kisiwani, ambayo mtu huitwa mchu, "Mimi ni mchu, si gunia. Na wale pia ni wachu. Umewaita waje wanibebe na umewaficha kwamba nipo. Unawatukania nini?" Omari akainamisha kichwa. Bibi akaendelea, "Hebu niambie. Mtu akifa kisiwa hiki, huwa mnakodi wa kumbeba?"

Omari akasema, "Hapana, Bibi."

"Basi nenda msikitini ukaniletee jeneza."

Mama aliruka pale alipokaa. Akasema, "Mama, usijiitie mauti." Bibi akamjibu, "Mauti yanajua nyumba yangu tangu zamani, hayasubiri mimi niyaite. Mwacheni mtoto aende."

Unajua desturi yetu, mwanangu, ingawa siku hizi mnapita huku mnatazama simu. Jeneza likipita, mwanamume haketi. Anainuka anatia bega, hata kama ni hatua chache, hata kama maiti hamjui baba wala mama. Anapokea, anabeba, anampokeza mwingine. Hakuna anayeambiwa aje, na hakuna anayedai kitu. Bibi alikuwa amelala kitandani kwake na hilo ndilo lililomjia akilini, na sisi wenye miguu mizima halikutujia.

Omari alirudi na mwalimu wa msikitini, mzee taratibu, mwenye kikohozi, na nyuma yao wanaume wachache na jeneza. Tulidhani amekuja kukataa. Akasimama mlangoni akasema, "Jeneza hili ni wakfu wa kuwabeba watu wa kisiwa hiki. Aliyelitoa wakfu hakusema ni lazima wawe wamekufa." Kisha akakunja kanzu yake akawa wa kwanza kushika.

Wakamlaza Bibi kwenye jeneza juu ya godoro lake, wakampitisha mlangoni bila shida, maana jeneza limetengenezwa kupita milango yote. Mama akataka kumfunika kanga usoni kwa ajili ya jua. Bibi akaikataa. Akasema, "Uso wangu uacheni wazi. Sitaki kumdanganya mtu, leo tumeshadanganya ya kutosha."

Nami nikafuata nyuma. Kwetu wanawake hatufuati jeneza, tunabaki nyumbani, na siku ile ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyotembea nyuma yake. Wanaume walipoliinua mabegani, kwa mazoea tu, wakaanza kutamka kalima kwa sauti ya chini kama wanavyokwenda makaburini. Bibi akasema kutoka juu, "Hiyo iwekeni, wakati wake utafika. Niimbieni ya kuvutia mashua." Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Basi wakaimba ya kuvutia mashua, na kwa mwendo wa wimbo ule wakaingia kwenye tope.

Kule nje kulikuwa na watu waliobaki kisiwani, wanaotafuta pweza na wanaokagua nyavu zao. Kila aliyeona jeneza aliacha alichokuwa akifanya, akaja. Mmoja anazama, mwingine anapokea. Walipofika mwambani wakapunguza mwendo, wa mbele akawa anatafuta pa kukanyaga na kuwaambia wa nyuma, na jeneza halikuyumba. Bibi alikuwa akiwaita kwa majina na kuwauliza habari za mama zao. Mimi nilikuwa natazama maji tu, kwa sababu yalikuwa yameanza kurudi, yanajaza mashimo ya mwamba moja baada ya jingine.

Nuru na wenzake walikuwa wameshapanda chomboni. Jeneza letu lilikuwa na kingo ndefu, aliye mbali hamwoni aliyemo, nao wakaona jeneza linakuja juu ya mwamba na watu wachache, na maji yanapanda. Hawakuulizana. Wakashuka, wakaja ndani ya maji mpaka walipotufikia, hata yule mwenye unyayo uliokatwa. Nuru akatia bega lake pana upande wa kichwani, akamuuliza mwalimu kwa adabu, "Marehemu ni nani?"

Bibi akamjibu mwenyewe. "Marehemu ni mimi, mwanangu, lakini bado. Shika vizuri, usinitingishe."

Nuru alisimama pale pale. Akainua macho akamwona Bibi anamtazama. Nikasema moyoni, ataachia, na akiachia tumekwisha. Bibi akamwambia, "Umeniona sasa. Ukitaka kuniweka chini, niweke, sitakulaumu." Nuru akaanza kucheka polepole, mabega yakawa yanatikisika, na Bibi akamkumbusha kwamba ameambiwa asimtingishe. Hakumweka chini. Yeye na wenzake ndio waliomfikisha chomboni, maji yakiwa kifuani.

Bibi alipolazwa salama, hakupumzika hata kidogo. Akasema, "Omari, mwombe radhi mwenzako." Omari akamwomba radhi mbele ya watu wote, na Nuru akamjibu maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nikukalishe hapa. Akasema, "Ungeniambia ukweli, ningekuja na viatu na kamba na watu zaidi. Labda ningekataa. Lakini wewe hukunipa hata nafasi ya kukubali."

Kisha, bila mtu kumwomba, alirudi na Omari mwambani, ambako waliotufuata walikuwa wametua mizigo, wakaokoa gunia moja la mchele na sanduku dogo la mama, kwa sababu maji hayakuruhusu zaidi. Mengine yalibaki, na sijui yaliishia kwa nani. Nahodha alikuwa tayari anataka kung'oa nanga na jeneza limo chomboni. Bibi akamzuia. Akasema, "Hilo ni la waliobaki. Mwalimu asirudi mikono mitupu." Wakalishusha, watu wa Koyama wakalichukua juu ya vichwa vyao wakarudi nalo, na mimi nikawatazama mpaka nikashindwa kutambua nani ni nani. Nililia sana. Siku ile nilijua kwamba nimewaacha watu.

Tukapita Ras Kamboni, tukafika Kiunga, na baadaye Mombasa, na Bibi akaishi huko muda mrefu kuliko wengi walivyomtarajia. Alipofariki, tulikuwa tunakaa kwenye chumba cha kupanga ndani ya kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti. Hatukuwa tukijuana na watu. Sisi wakimbizi, lafudhi yetu inachekwa, jamaa zetu wametawanyika. Omari alikuwa mtu mzima tayari, na asubuhi ile alikuwa anahangaika, anauliza kila mtu, "Nani atambeba Bibi?" Mimi nikamwambia litoe tu jeneza nje.

Walilitoa. Muuza duka akafunga duka. Wasukuma mikokoteni wakaacha mikokoteni yao barabarani. Watu tusiowajua wakatia mabega, wakapokezana, na Omari alitafuta nafasi ya kumbeba bibi yake mwenyewe mpaka karibu na makaburini ndipo alipoipata. Alirudi nyumbani analia, akaniambia, "Hata majina yao sikuyajua." Mimi nilibaki nyumbani na wanawake, kama desturi. Safari hii kalima ilitamkwa, na Bibi hakumnyamazisha mtu.

Sasa ninalotaka kukuambia, mwanangu, si refu. Unapomwita mtu akubebee, mwambie njia ilivyo. Mwambie tope, mwambie mwamba, mwambie korongo, na mwambie kuna nani ndani ya nyumba. Akikataa, amekataa kwa haki, utatafuta mwingine. Akikubali, umepata mtu kweli, maana amekubali akijua. Na usije ukadhani aliyekataa mzigo wako ni mtu mbaya. Nuru alikataa mzigo, na Nuru huyo huyo ndiye aliyeingia baharini mpaka kifuani alipodhani kuna mtu wa kusitiriwa. Na mahali utakapohamia, likipita jeneza, weka hiyo simu mfukoni utie bega, mapema, kabla hujahitaji kutiliwa.

Basi wapigie tena wale wenye lori. Waambie kuna korongo, na kuna mwanamke mzee mwenye magoti mabovu na mdomo mrefu. Tukifika pale nitashuka nijaribu kutembea. Nikishindwa, usihangaike. Waite majirani wapya, wanione uso, wanibebe nikiwa hai ili nipate kuwashukuru mwenyewe.

Mungu akuongoze katika njia nyepesi, na zile ngumu akupe watu wa kupita nao. Akupe ulimi usiomficha mtu uzito wa mzigo, na bega lisilokwepa. Amina. Haya, chukua simu yako.