Uzi Wangu Ndani ya Kompyuta

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la harusi la kaka yangu, nikidhani karakana ni ofisi. Nyapara, mzee wa Kimaragoli, akaniangalia. "Wewe umekuja kuoa ama kuranda mbao?" Nikavua koti. Karakana ilikuwa katikati ya jiji, nyuma ya maduka ya vitambaa, na pale kona palikuwa na supu ya kichwa, acha tu. Lakini supu si hadithi ya leo.

Shule niliachia darasa la tatu, hesabu ya kugawa sikuifikia. Nyapara akanifundisha kugawa kwa uzi. Pima kabati kwa ndani, kunja uzi sehemu tatu sawa, weka rafu kwenye mikunjo. Rafu mbili, vyumba vitatu. Kabati liwe refu au liwe fupi kama mimi, theluthi ni theluthi.

Uzeeni nilihamishiwa ofisi ya kampuni mtaani Hurlingham, ghorofani, ambako makabati huchorwa kwa kompyuta kabla mashine haijakata mbao. Nilikuwa mkaguzi wa michoro. Mkurugenzi, Mhindi mwenye haraka zake, alisema waziwazi: "Mzee, angalia hii oda ya Lavington. Ukisaidia, kaa mpaka ustaafu. Kama hapana, mwisho wa mwezi tunaagana." Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu.

Asubuhi hiyo mama wa Lavington, mwenye oda, alipiga simu: dari imeshushwa, makabati yote yapunguzwe. Akinyi, mchoraji wetu, akaandika urefu mpya. Fremu ikashuka, rafu zikabaki palepale. Ya juu ikatokeza nje ya kabati kama jirani anayechungulia juu ya ua.

"Kila rafu niliipa namba yake," Akinyi akalia. "Sasa nibadilishe moja moja? Mashine inaanza saa sita!"

Nikatoa uzi mfukoni, nikaukunja mbele yake. "Usiipe namba, mama. Ipe sehemu."

Akatazama uzi, akatazama skrini. "Aki mzee! Kumbe ni urefu kugawa kwa tatu!" Akaandika. Rafu zikashuka pamoja kama wanakwaya wanaoketi.

Mkurugenzi akaja, akainama mbele ya skrini. "Mbona chumba ya katikati iko ndogo? Uzi yako imechoka, mzee."

Kweli kilikuwa kimebanwa. Miaka yote ile uzi haujanidanganya, leo una nini? Nikafumba macho, nikaiacha mikono ifanye kazi hewani kama zamani. Mikono ikaanza kwa kuokota vitu viwili. Vipande vya mbao za rafu! Kabla ya kupima, nilikuwa nikilaza vipande viwili sakafuni mwa kabati, kimoja juu ya kingine, kisha napima nafasi iliyobaki juu yake. Mikono ilijua, mdomo haukuwahi kusema.

"Mbao nayo hula nafasi," nikamwambia Akinyi. "Toa unene wa rafu mbili kwanza, ndipo ugawe."

Akatoa, akagawa. Vyumba vikalingana. Akabadilisha urefu mara tano kwa kucheza tu, vikalingana mara tano. Mkurugenzi akakohoa. "Sawa. Mzee anakaa."

Nilipumua mpaka kifungo cha shati kikakatika.

Mwaka wangu niliumaliza, nikastaafu nikiwa na meno yangu mengi. Siku ya kuaga nilimwachia Akinyi vipande viwili vya mbao. Nasikia ameviweka chini ya kompyuta kuiinua. Vizuri. Bado vinakaa chini, na hesabu inaanzia juu yake.