Seva Iliyowashwa Mwisho

Miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine, nilikuwa kijana wa kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara, pale Mwanza kando ya ziwa. Tuliringa sana. Ofisi nzima kompyuta nne na seva moja, ile mashine ya kuhifadhi kazi za wote, zimeunganishwa kwa waya mweusi uliopita chini ya zulia. Seva niliipa jina la Nansio, kwa sababu ndiko nilikozaliwa na hakuna aliyenikataza.

Meza ya dirishani alikaa mama mmoja. Alikuwa mpiga chapa wa shirika lililouzwa, akapunguzwa, akaja kwetu kuandika karatasi za mizigo inayokwenda uwanja wa ndege. Kila asubuhi shikamoo mama, marahaba baba, na kipande cha kiazi kitamu ameniwekea. Nilimpenda yule mama, sifichi. Nikikumbuka ofisi ile, namkumbuka yeye kwanza.

Nilikuwa nimeandika skripti fupi, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: kila saa sita mchana ichukue karatasi zake kwenye kompyuta yake, izipeleke kwenye Nansio, ambako watu wa stoo walizisoma. Ndani yake niliandika F tu. F ilikuwa njia ya mkato: badala ya kutaja jina la seva na la folda, unazipa herufi moja, na kompyuta inajua inaelekea wapi. Raha tupu.

Basi karatasi zikaanza kukosekana stoo. Si kila siku, ila siku ambazo umeme umekatika usiku. Stoo wanapiga kelele, gari linasubiri, meneja anamwita mama. Mwisho akamwambia mbele yetu sote kwamba ikitokea tena, atafute kazi kwingine. Mama akarudi mezani, akakaa bila kugusa kitu. Alikuwa na watoto sekondari, na baba yao alishafariki.

Umeme ulipokatika tena, niliwahi kazini nijionee. Siku nyingine mashine zililala zikiwaka, ila umeme ukikatika mhudumu wa ofisi ndiye aliyeziwasha asubuhi, na aliziwasha kwa heshima: kwanza ya meneja, kisha ya mhasibu, wengine kwa vyeo vyao, na mwisho kabisa seva, kwa kuwa haina mtu anayeikalia. Nikashika kiuno. Kompyuta ya mama iliamka, ikaitafuta Nansio, ikakuta bado imezimwa, ikaachana na F, wala haikuitafuta tena hata Nansio ilipowashwa. Ikifika saa sita, skripti ingeita F isiyokuwepo, kisha ijifunge kimya kimya bila kumwonyesha mtu kosa.

Nikamwomba mhudumu aanze na seva. Aliniangalia kama nimemwambia ampakulie mtoto kabla ya baba mwenye nyumba.

"Niwashe sanduku kabla ya bosi? Wewe unataka nifukuzwe mimi."

Ningebishana naye mpaka jioni, nisingemshinda. Nikaiandika upya skripti. F nikaifuta, nikataja njia nzima: vistari viwili vilivyolalia nyuma, Nansio, kisha folda. Nikaiagiza kwanza iulize kama Nansio imeamka. Kama bado, isubiri kidogo, iulize tena. Nikampeleka meneja akaona kwa macho yake kwamba mama hana kosa lolote.

Tangu hapo karatasi hazikupotea tena. Miezi ikapita, mama akarudisha kicheko chake, na mimi nikawa nakaa tu, nasubiri kitu kiharibike. Meneja naye aliliona hilo. Akaniita, akasema kiwanda kinabana matumizi, mashine sasa zinajiendesha, na mimi sina kazi ya kufanya. Nilikasirika hata kiti nilikisukuma nikitoka.

Mama alinisindikiza hadi getini, analia mimi nikiwa mkavu.

"Baba, ungeacha tu niondoke mimi," akasema. "Mimi nilishazoea."

Nikamwambia arudi ndani haraka, meneja asije akamkuta nje saa za kazi.